Julai vijijini Wisconsin na Iowa pamoja na mama mkwe: laleni sehemu mbili, si saba

Mama Latifa wa St. Paul, Minnesota, anauliza: "Mama mkwe wangu amekuja kutoka Lushoto na ataondoka mwezi wa nane. Tuna watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 4, na mume wangu amepata likizo ya wiki moja Julai. Kila mwaka huwa tunaenda Chicago au kwenye michezo ya maji ya Wisconsin Dells, hela zinakwisha, na kwa bibi sioni atakachofanya kule zaidi ya kushika mataulo. Safari hii tunataka vijijini, upande wa mto Mississippi, lakini nikifungua ramani naona mashamba ya mahindi tu. Nimepanga miji saba kwa siku saba, tukiondoka Jumapili. Je, kuna cha kuona? Sisi ni Waislamu, na mwanangu mkubwa ameniuliza kama huko watatukodolea macho."

Mama Latifa, kwanza nifikishie shikamoo kwa bibi. Halafu chukua ile orodha ya miji saba uichane. Miji yenyewe haina ubaya. Tatizo ni kwamba umepima umbali kama mtu aliyezoea barabara kuu, na mnakokwenda barabara kuu zinapita pembeni tu.

Hiyo ramani inakuficha jambo. Sehemu kubwa ya Kati-Magharibi ya Marekani ni tambarare kwa sababu mabarafu ya kale yaliisaga na kuisawazisha. Pembe wanapokutana Wisconsin, Minnesota, Iowa na kipande cha Illinois ilinusurika. Barafu ya mwisho iliizunguka bila kuifunika. Wenyeji wanaiita Driftless, na jina hilo mtaliona kila mahali kwenye mabango. Kilichobaki ni vilima vyenye miteremko mikali, mabonde membamba, mapango ya mawe ya chokaa na chemchemi za maji ya baridi. Mahindi yapo, ila yako juu ya migongo ya vilima na chini mabondeni, na barabara inapanda, inashuka, inajipinda kuufuata mto. Maili 40 zinaweza kula saa nzima na robo, hasa likiwapo trekta mbele yenu na mtoto wa miaka 4 anayetaka kukojoa. Mkilala mji mpya kila siku, nusu ya likizo itaishia kwenye kufunga na kufungua mabegi, na bibi ataijua Marekani akiwa kiti cha nyuma.

Kwa hiyo wekeni vituo viwili. Laleni siku nne Viroqua, Wisconsin, au kijiji cha jirani kama Westby, Coon Valley au La Farge. Kisha siku tatu Decorah, Iowa. Kodini nyumba nzima yenye jiko na chumba cha kulala cha chini, ili bibi asipande ngazi usiku. Jiko si la kubania hela tu. Vijijini mikahawa mingi huzima majiko mapema, na ikifika saa mbili usiku mnaweza kubaki na piza ya kituo cha mafuta.

Siku ya kuondoka iwe Ijumaa, wala isiwe Jumapili kama ulivyopanga. Salini Ijumaa hapo hapo mjini, saa nane na nusu mchana muwe mmeingia barabarani. Fuateni Barabara 61 upande wa Minnesota, inayoshuka na mto. Pumzikeni Lake City, kando ya Ziwa Pepin, ambako kijana mmoja wa miaka 18, Ralph Samuelson, alibuni mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa mbao miguuni mwaka 1922. Hapo patawatosha nusu saa na aiskrimu. Julai jua linazama karibu saa tatu kasoro usiku, kwa hiyo hata mkijivuta mtafika Viroqua kukiwa kweupe. Isha ndiyo itawasumbua, maana inaingia usiku sana; bahati nzuri mko safarini na ruhusa ya kuchanganya swala mnayo.

Ijumaa nimeichagua kwa sababu Jumamosi asubuhi Viroqua ina soko la wakulima, na Jumapili Waamishi, Wakristo wa vijijini wenye mila zao, hawauzi kitu. Mkianza safari Jumapili, soko limewapita na siku yenu ya kwanza mnaizungukia milango iliyofungwa. Kuhusu wiki, ningechukua ya tatu ya Julai. Wiki ya tarehe 4 ni ghali na kila kitanda kimeshachukuliwa, na mahindi matamu bado hayajakomaa. Wikiendi ya mwisho ya Julai Decorah ina tamasha lake la Kinorwe, Nordic Fest, na nyumba hukodishwa mapema mno. Wiki hiyo hiyo maelfu ya waendesha baiskeli huikata Iowa nzima katika safari yao ya kila mwaka iitwayo RAGBRAI. Njia yao hubadilika kila mwaka, basi itazameni kabla ya kulipia.

Na kwa kuwa nimeyataja mahindi: bibi atauliza haya yote yanaliwa na nani. Mwambie ng'ombe, nguruwe na magari, maana mengi huishia kuwa chakula cha mifugo au kilevi cha kuchanganywa na petroli. Ya kula watu huuzwa barabarani juu ya meza isiyo na muuzaji. Unachukua, unaweka noti kwenye kopo, unaondoka. Asiyachome akitarajia ladha ya Lushoto. Ni malaini na matamu kama yametiwa sukari. Yachemsheni dakika chache tu.

Sasa siku za Viroqua. Jumamosi sokoni asubuhi, mchana shukeni La Farge kwenye hifadhi ya Bonde la Kickapoo. Hii ni ardhi ya takriban eka 8,600 ambayo serikali iliwatoa zaidi ya familia 140 ili ijenge bwawa. Ujenzi ukasimama mwaka 1975, bwawa halikukamilika, na mnara wa zege wa kupitishia maji bado umesimama peke yake mbugani. Leo hifadhi inasimamiwa kwa pamoja na jimbo na taifa la Wahindi Wekundu la Ho-Chunk, wenye asili ya huko. Njia ya kwenda mnarani ni nyepesi. Mweleze bibi kisa chenyewe njiani. Habari ya watu kuhamishwa kupisha mradi usiomalizika haihitaji mkalimani.

Jumapili ningeifanya siku ya gari, lakini kwa hatua fupi. Kutoka Viroqua kwenda La Crosse mtapita Coon Valley. Mwambieni bibi atazame mashamba ya upande wa mteremko: mistari ya mahindi, alfalfa na majani imepindishwa kuufuata mlima. Si urembo ule. Miaka ya 1930 bonde hili lilikuwa limechunwa na mmomonyoko, makorongo yakimeza mashamba, na mwaka 1933 serikali ilianzisha hapo mradi wa kwanza wa nchi nzima wa kuhifadhi udongo wa bonde zima, wakulima na vijana wa kambi za kazi wakifanya kazi pamoja. Mtu aliyelima Usambara, aliyechimba matuta na kupanda majani ya kushika udongo, atalielewa bonde la Coon kuliko mtalii yeyote wa Chicago. Msimamishie gari sehemu ya kuegesha, ashuke, atazame atakavyo.

La Crosse yenyewe ipandeni kwa juu. Grandad Bluff ni jabali lililoinuka karibu mita 180 juu ya mji. Gari linafika mpaka karibu na kileleni, hakuna kiingilio, na pale juu kuna njia ya lami ambayo bibi ataimudu. Mtaona Mississippi imegawanyika vijito na visiwa, na ng'ambo ni Minnesota. Kama mna bahati, au bahati mbaya, mtakutana na wale wadudu wa mto wenye mabawa ya kioo ambao hutoka majini kwa pamoja jioni moja ya Juni au Julai. Wingu lao huonekana hadi kwenye rada ya hali ya hewa ya La Crosse, na asubuhi madaraja huwa yanateleza kwa mizoga. Hawaumi. Mwanao wa miaka 9 atafurahi, wewe hutafurahi.

Sasa nije kwenye swali la Latifa, au ni la kaka yake? La kukodolewa macho.

Mtakodolewa, ndiyo. Mkiingia watu sita, bibi na khanga yake, kwenye mkahawa wa kijiji cha watu 600, vichwa vitageuka. Mara nyingi kinachofuata ni mtu kuuliza mmetoka wapi na kuwaelekeza kwa mshona mablanketi bora zaidi wa kata. Kwenye barabara za vumbi, dereva anayepishana nanyi atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ni salamu, mjibuni vivyo hivyo. Mtaona pia bendera na mabango ya siasa ambayo hayatawapendeza, na siwezi kukuahidi kwamba hakuna mtu mmoja atakayewatazama vibaya. Ninachowaambia wote ninaowapangia safari ni haya: fikeni mnapolala kabla giza halijaingia, msigeuzie gari kwenye njia ya kuingia nyumba ya mtu, msivuke uzio kwa ajili ya picha, na vitambulisho muwe navyo mwilini. Sheria ya Marekani inamtaka mgeni asiye raia, mwenye miaka 18 na zaidi, atembee na hati yake. Bibi awe na pasipoti pamoja na rekodi yake ya kuingia nchini iliyochapishwa, na mwenye kadi ya kijani awe nayo. Visiachwe kwenye sanduku nyumbani.

Ila kijana wa miaka 14 usimjibu kwa tahadhari peke yake. Mpeleke Hillsboro, mashariki ya Viroqua, akaone maghala ya mviringo.

Kuanzia miaka ya 1850, familia za watu weusi zilihamia mabonde ya karibu na Hillsboro na kununua ardhi. Mahali penyewe paliitwa Cheyenne Valley, na pakawa makazi makubwa kuliko yote ya wakulima weusi Wisconsin ya karne ile. Walilima wakipakana na Wacheki, Wanorwe na Waayalandi, na watoto wao walikaa shule moja. Mmoja wa uzao wao, Alga Shivers, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1978, alikuwa fundi seremala, na ndiye aliyejenga mengi ya maghala ya mviringo ambayo kata ya Vernon inajivunia mpaka leo. Hakuna kata nyingine Marekani yenye maghala ya namna hiyo mengi kama Vernon. Katikati husimama mnara wa malisho, na ng'ombe hupangwa kuuzunguka, vichwa ndani, mikia nje, mtu mmoja akilisha wote bila kutembea sana. Upepo nao huuzunguka ukuta badala ya kuugonga. Mengi ya maghala hayo ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo yatazameni mkiwa barabarani. Ramani ya kuyazungukia inapatikana kwenye ofisi za wageni za kata. Mwanao akijua kwamba yale majengo ambayo wazungu wa huko huyapiga picha kwa fahari yalijengwa na fundi mweusi wa kijijini hapo, atapita njia zile akiwa na uso mwingine.

Jumatatu gawanyikeni. Baba na wakubwa wawili waende kwenye njia ya baiskeli ya Elroy-Sparta, maili 32 kwenye tuta la reli ya zamani, miongoni mwa njia za kwanza kabisa nchini kugeuzwa kutoka reli kuwa njia ya baiskeli, tangu miaka ya 1960. Msiwatume wamalize zote. Wakodi baiskeli kwenye vijiji vya njiani, waanzie Norwalk, walifuate handaki namba 3 lenye urefu wa robo tatu ya maili. Ndani hakuna taa. Unashuka kwenye baiskeli, unawasha tochi, unatembea, maji yanakudondokea kisogoni kutoka kwenye mwamba, na baridi yake mwezi wa Julai itamfanya aliyevaa fulana tu ajute. Mlangoni kuna milango mikubwa ya mbao. Zamani za treni, wakati wa majira ya baridi walinzi waliifungua treni ikija na kuifunga ikishapita, ili barafu isiupasue mwamba. Tochi iwe ya kweli, siyo ya simu, na kila mmoja awe na yake. Kuna kibali kidogo cha kulipia kwa mwenye miaka 16 na zaidi. Hali ya handaki itazameni siku moja kabla, maana hufungwa kwa matengenezo.

Wengi huniuliza kuhusu kupiga kasia mto Kickapoo kutoka Ontario, kijiji cha Wisconsin, si ile ya Kanada. Ni safari nzuri, mto mwembamba chini ya miamba yenye mimea ya unyevu, na safari zake hupimwa kwa madaraja yenye namba: unashukia daraja la ngapi. Lakini wikiendi mto hujaa vijana na pombe zao, na mtoto wa miaka 4 ndani ya mtumbwi ni kazi ya mtu mzima mmoja. Kati ya handaki na mtumbwi, kwa familia yako nachagua handaki.

Wakati huo wewe, bibi na mdogo nendeni kwa Waamishi, kati ya Cashton na Ontario. Hawa ni Wakristo wanaoishi bila umeme wa gridi na bila magari, wanazungumza lahaja ya Kijerumani, na huuza mikate, jemu, vikapu na mablanketi nyumbani kwao. Alama ni kibao kidogo getini kilichoandikwa kwa mkono kinachouzwa, na chini yake mara nyingi mtasoma kwamba Jumapili hakuna biashara. Chukueni noti ndogo ndogo, kadi hawapokei. Msiwapige picha za uso, ni jambo la imani yao. Na mweleze bibi mapema kwamba hapo hakuna kupatana bei. Nimeshuhudia mabibi wa kwetu wakianza kwa nusu, na binti wa Kiamishi akabaki anatabasamu bila kujua afanyeje. Wataelewana kwenye mambo mengine. Bibi aliyezoea bustani na kuku hakosi la kuuliza.

Hapo Cashton kuna kiwanda cha jibini kinachopokea maziwa ya Waamishi yanayoletwa kwa madebe. Ombeni cheese curds za siku hiyo hiyo, vipande vya jibini changa visivyokandamizwa. Zikiwa mbichi kweli hulia mdomoni unapotafuna, na kesho yake sauti imekwisha. Ulizeni kimeng'enyo cha kugandishia kimetokana na nini. Viwanda vingi sasa hutumia kisicho cha mnyama, na wenye kaunta wamezoea kuulizwa.

Niendelee na chakula, kwa sababu hapa ndipo Waislamu hunaswa bila kujua. Nguruwe mtamwona na kumkwepa. Usichokiona ni bia. Ijumaa jioni Wisconsin nzima hula samaki wa kukaanga, na mara nyingi ule unga uliomfunika samaki umekorogwa kwa bia. Hata hizo jibini changa zikikaangwa, hadithi ni ile ile. Ulizeni kabla, na ombeni samaki wa kuokwa, au wa kukaangwa kwenye kikaango bila unga ule. Soseji za kuchoma nazo mara nyingi hutangulizwa kuchemshwa kwenye bia. Njia rahisi ni kubeba nyama yenu halali kutoka St. Paul, igandisheni, iwekeni kwenye boksi la barafu, mpike wenyewe. Mchele, nazi ya kopo na viungo vya pilau vibebeni pia. Mboga za majani tafuteni kwenye soko la wakulima La Crosse, ambako jamii ya Wahmong, wakimbizi wa vita vya Laos na kizazi chao, hulima na kuuza aina ambazo supamaketi hazina.

Kwa njaa ya barabarani kuna Kwik Trip, kampuni ya vituo vya mafuta yenye makao yake La Crosse, ambayo ng'ambo ya Iowa hujiita Kwik Star. Wanauza ndizi mbivu kwa bei ndogo, mayai ya kuchemsha, maziwa, na vyoo vyao ni visafi. Sitanii, mimi hupanga njia kwa kuangalia vituo hivyo. Huko mbugani vyoo ni vya shimo na havina maji, basi kila begi liwe na chupa ya maji ya matumizi, na nyingine ya udhu.

Hatari za kweli za huko hazitoki kwa watu. Ya kwanza ni kupe. Yupo kupe wa paa, na Julai hata watoto wake bado wapo, mmoja akiwa mdogo kuliko punje ya ufuta. Anaambukiza ugonjwa wa Lyme. Mkiingia kwenye nyasi au msitu vaeni suruali, ingizeni ncha ndani ya soksi, pakeni dawa ya kufukuza wadudu, na kila jioni kabla ya kuoga kagueni watoto: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio, kwenye mizizi ya nywele. Nywele zilizosukwa zitazame kwenye njia zake. Akionekana, mng'oeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, moja kwa moja, bila mafuta wala kiberiti. Doa jekundu linalopanuka siku au wiki zinazofuata ni la kwenda hospitali. Mbu wa huko hawaleti malaria. Hilo bibi atataka alisikie.

Ya pili ni ua la njano kando ya barabara, refu kiasi cha kumfika mtu kifuani, lenye kichwa kilichotandazwa kama mwavuli. Utomvu wake ukigusa ngozi kisha jua likapiga, malengelenge hutokea kama ya maji ya moto. Watoto wasichume maua, yoyote yale.

Ya tatu ni mvua. Mabonde yale ni membamba na maji hupanda usiku mmoja. Agosti 2018 mabwawa matano ya kuzuia mafuriko yalipasuka katika mabonde ya Coon na Kickapoo ya magharibi. Msikodi nyumba iliyo sambamba na kijito, simu zenu ziruhusuni kupokea tahadhari za dharura hata usiku, na mkikuta maji yamekata barabara geuzeni, hata kama yanaonekana ya kifundo cha mguu. King'ora kikilia kwa ajili ya kimbunga, shukeni kwenye chumba cha chini ya ardhi. Siku ya kwanza tu muulizeni mwenye nyumba ngazi ya chini iko wapi na inafungukaje.

Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kutoka, maana mtandao hukatika kila mkishuka bondeni. Barabara za kata za Wisconsin zina majina ya herufi, D, P, SS, na mtu akiwaelekeza atazitaja hivyo hivyo. Jioni paa huvuka ghafla, na nyuma ya kila mpando panaweza kuwa na kigari cha farasi cha Waamishi kinachokwenda polepole. Na kwa ajili ya bibi: La Crosse ina hospitali kubwa mbili, Viroqua na Decorah zina ndogo. Bima ya afya ya mgeni kama hamjamkatia, mkatieni kabla ya kuondoka.

Jumanne mnahama. Usitegemee daraja la Lansing kwenye ramani. Lile la zamani la mwaka 1931 linabadilishwa kwa jipya, na hali ya kuvuka hapo ni ya kuuliza kwanza. Shukeni kwa Barabara 27 hadi Prairie du Chien mvukie Marquette, Iowa. Dakika chache kusini kuna Pikes Peak, hifadhi ya jimbo, ambapo mnaona mto Wisconsin ukiingia Mississippi kutoka kwenye jabali la futi 500. Hapo ndipo Wafaransa Marquette na Jolliet walipoingia Mississippi kwa mitumbwi mwezi Juni 1673. Kutoka kwenye maegesho hadi ukingoni ni hatua chache. Kaskazini yake kuna Effigy Mounds, eneo la taifa lenye matuta zaidi ya 200 ya udongo yaliyojengwa na wenyeji wa kale, baadhi yakiwa na umbo la dubu na ndege. Kiingilio hakuna. Ila njia ya kupanda ni kali mwanzoni. Bibi na mdogo wabaki bondeni kwenye jengo la wageni, wenye magoti wapande. Ni makaburi na mahali pa ibada pa mataifa yaliyopo hadi leo, watoto wasikanyage matuta.

Kula mchana Postville. Ni mji mdogo wa mashambani wenye kiwanda cha nyama ya kosher, yaani iliyochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi, na kwa sababu ya kiwanda hicho mtakuta Wayahudi wa Kihasidi, Waguatemala na Wasomali kwenye mtaa mmoja. Waulizeni Wasomali wapi pana chakula halali, watawaonyesha.

Decorah sitawapangia mengi, nanyi msijipangie. Maporomoko ya Dunning's Spring yako dakika tano kutoka mjini na njia yake ni fupi. Watoto wataelea kwenye maboya ya mpira mto Upper Iowa. Jumba la makumbusho la Vesterheim linaeleza habari za wahamiaji wa Kinorwe. Bibi mpelekeni kwenye yale masanduku ya mbao yaliyopakwa maua waliyovuka nayo bahari, atayalinganisha na mabegi yake mawili ya kilo 23. Lakini kama mna nguvu za sehemu moja tu, iwe Seed Savers Exchange, kaskazini ya mji. Ni shirika lililoanza mwaka 1975, na miongoni mwa mbegu za mwanzo zilikuwa za babu wa mwanzilishi mmoja, Diane Ott Whealy, za nyanya na za ua, zilizotoka kwao Bavaria. Sasa wana shamba, bustani za maonyesho na hazina ya maelfu ya aina za mbegu za zamani. Bibi yeyote wa Lushoto anayeweka maharage ya mbegu kwenye kibuyu atakuwa na maoni yake. Mpeni muda. Mbegu za kupeleka nyumbani asinunue bila kuuliza, Tanzania inataka vibali.

Ijumaa ya kurudi pitieni Minnesota. Karibu na Harmony kuna Niagara Cave, lina maporomoko ya maji chini ya ardhi na pia ngazi zaidi ya mia mbili, kwa hiyo si la bibi. Chagueni Mystery Cave, kwenye hifadhi ya Forestville; sehemu ya ziara fupi ina njia ya zege iliyo karibu tambarare. Ndani ni nyuzi 9 za Selsiasi mwaka mzima, basi makoti yawe juu ya mabegi, yasiwe chini. Nafasi za ziara zilipieni mapema, na kibali cha gari cha hifadhi ni cha kando. Kwenye hifadhi za jimbo za Wisconsin pia mtalipa kwa gari, si kwa kichwa, na gari lenye namba za Minnesota hulipa zaidi kidogo; Iowa mnazokwenda hazitozi. Kutoka pangoni hadi St. Paul ni kama saa mbili kwa Barabara 52 kupitia Rochester, lakini Ijumaa jioni kuingia mjini kuna foleni, kwa hiyo ziara yenu iwe ya asubuhi.